Nane ya Mholanzi

Wilma Stoddard amehudumia meza kwa miaka kumi na tisa katika mgahawa wetu wa kando ya barabara kuu, nje ya Toledo. Mgahawa huo una mingine mia nne kama wenyewe nchini, yote sura moja, supu moja, na tabasamu moja la kulazimishwa.

Alifanya zamu ya mchana tu, maana jioni mumewe Royce, aliyepooza, hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Na meneja wetu Trent, mwenye roho ya korosho, alishamwonya: mteja mmoja tu akimpa alama chini ya tisa kwa kumi, anahamia zamu ya usiku.

Jumanne akaingia Wiebe, fundi wa Kiholanzi aliyeletwa kutengeneza mitambo ya kiwanda cha vioo. Aliagiza nyama isiyoiva sana, ikaja ngumu kama soli. Mkate ulikuwa mtamu kama keki, na glasi ilijaa barafu kuliko maji. Wilma alipita mara tatu kumuuliza kama kila kitu ni sawa, kama tulivyofundishwa, kisha akamwekea bili angali anatafuna.

"Unanifukuza?" Wiebe akafoka.

"La, mpenzi. Ni ili usisubiri ukitaka kuondoka."

"Nani kakwambia nataka kuondoka? Na hii nyama mmeipika au mmeipiga pasi?"

Kule kaunta Trent akainua kichwa. Wilma akabeba sahani hadi jikoni na kumwambia mpishi kwamba asipopika upya, soli hiyo ataila yeye. Alirudi na nyama inayotoa damu na maji yasiyo na barafu, akaichana ile bili mbele ya mgeni.

"Kula taratibu. Ukimaliza utaniita."

Mgeni alikaa saa nzima. Mwishoni alibonyeza alama kwenye skrini ndogo ya mezani, akampa Wilma mkono, akaondoka.

Trent aliisoma palepale. "Nane. Kesho unaanza usiku."

"Na Royce je, Trent?"

"Kampuni haimjui Royce. Chini ya tisa ni sifuri, unajua."

Wilma akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake. Nilitamani kumzaba Trent kofi. Nikaishia kufuta meza, na nilijichukia.

Kesho yake mchana Wiebe akarudi, akaketi palepale, kwenye meza zangu.

"Yule mama yuko wapi? Nataka anihudumie yeye."

"Umemtupa zamu ya usiku, bwana. Wewe na nane yako."

"Mimi?" Akaisukuma menyu kando. "Lakini kwetu kumi hapewi mtu! Nane sijawahi kumpa hata mwanangu!"

Nilimwamini, na haikunipunguzia hasira hata kidogo. Nikamwekea bili tupu mezani kabla hajaagiza chochote.