Chungu cha Kijumbe

Eufrosina Tecuapetla, muuza maua wa soko letu la Cholula, Meksiko, ndiye aliyekuwa kijumbe wa upatu. Kila Januari tulichomoa namba kutoka kwenye chungu chake cheusi, na kila Jumapili mmoja wetu alipokea michango ya wote. Mtu akishindwa kutoa, kijumbe huziba pengo kimyakimya wala hamtaji. Ndiyo heshima ya kazi yenyewe.

Mwaka jana aliyeshindwa alikuwa Obdulia wa nyanya. Obdulia alimsimamia mtoto wa Eufrosina ubatizo, na tangu hapo wakaitana komadre. Obdulia alikwisha kupokea zamu yake, kisha mumewe akaanguka kutoka darini, michango ikakatika.

Eufrosina hakuwa na akiba. Akakopa kwenye simu, kwa watu wasiotaka mdhamini wala dhamana. Walitaka ruhusa tu ya kusoma majina na namba alizohifadhi. Akabonyeza kukubali, akashukuru kuepuka macho ya karani wa benki. Majina yetu alikuwa ameyaandika hivi: Upatu Nicanora, Upatu Chabela, Upatu Obdulia.

Wiki haikuisha, wakaanza kudai maradufu. Alipochelewa, simu zetu zikalia sokoni kwa pamoja. Ilikuwa picha yake, na chini yake: "Mwizi huyu halipi mkopo wetu, na anakula fedha za upatu."

Nicanora wa jibini alifika wa kwanza. "Uongo huu, najua. Ila namba yangu ni ya mwisho, mama. Nipe changu tusije tukachukiana."

"Kwani nimekimbia? Meza yangu si hii?"

"Hata mwizi ana meza," akadakia mmoja nyuma. Watu wakacheka.

"Basi sema," akasema Nicanora, "ulikopa kuziba pengo la nani? Mtaje!"

Eufrosina alimtazama Obdulia mara moja tu. Obdulia akainamia nyanya zake, akaanza kuzipanga upya.

"Kijumbe hataji," akasema Eufrosina.

Aliuza nafasi yake ya sokoni, akatulipa sote tuliomdai. Nami nilipokea changu. Ukweli nilikuja kuupata baadaye, kwa mume wa Obdulia.

Januari hii wanawake wa upatu walimtuma Obdulia akachukue chungu, maana kijumbe mpya ni Nicanora. Eufrosina alikiosha, akakikausha kwa kitambaa cha jikoni.

"Kina ufa mdomoni, Bi Obdulia. Kishike kwa chini."

Obdulia alisimama mlangoni, chungu kifuani, akingoja aitwe komadre. Mlango ukafungwa taratibu.