Siku Mbili za Kutazama Bata wa Askofu

Kanisa letu liliponichagua kwenda Uingereza miezi mitatu kusomea ualimu wa ushonaji, mume wangu alishangilia kuliko mimi. Tulikuwa tukiishi Kaloleni, miaka ya themanini ikianza, na nilikuwa nikifundisha wanawake kushona kwenye ukumbi wa mtaa. Yeye alikuwa karani wa reli. Safari yoyote iliyohitaji ratiba ilimpa raha, hata kama msafiri si yeye.

Kabla sijaondoka, bibi mjane ambaye ningekaa kwake aliniandikia barua. Alisema kozi ina wikendi moja tu ya mapumziko, naye angependa kunipeleka popote nitakapo. Ndani ya bahasha aliweka kadi tatu za picha nichague. Ya kwanza ilikuwa ya pwani, ya pili ya ngome. Ya tatu ilikuwa ya mji mdogo wa kale uitwao Wells, yaani Visima, wenye kanisa kuu linalozidi mji wenyewe kwa ukubwa. Kando yake palikuwa na nyumba ya askofu iliyozungukwa na maji, na juu ya maji bata weupe wenye shingo ndefu. Nyuma ya kadi bibi alikuwa ameandika: "Bata hawa wakiona njaa huvuta kamba na kupiga kengele, wakaletewa chakula."

Nikasema, "Nakwenda hapa."

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Busia aliyekuwa akiniazima chumvi na kunirudishia maneno, alishika kiuno. "Dada, upande ndege kwenda kutazama bata? Bata si hawa hapa wanachafua mfereji?"

"Wa kwako wanapiga kengele?"

"Wa kwangu hawana haja. Wanaingia jikoni wenyewe."

Mume wangu hakujali bata. Aliazima kwa mzee mmoja wa kazini kitabu cha ratiba za treni za Uingereza, kinene kama Biblia ya mimbari, akakaa nacho mezani jioni tatu. Alinipangia kila kitu. Jumamosi niondoke saa moja kasorobo, nibadilishe treni mara mbili, nifike saa sita. Kanisa kuu, saa mbili nzima. Chakula, nusu saa. Bata, robo saa.

"Robo saa tu, Baba Watoto?"

"Bata akishapiga kengele amepiga. Utangoja nini, ahubiri?"

Nikamwandikia bibi habari za mpango huo. Jibu lake lilipofika, mume wangu alilisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Bibi alituambia kwa upole kwamba kitabu chetu ni cha zamani. Stesheni ya mji ule ilifungwa miaka mingi iliyopita. Tungekwenda kwa kigari chake.

"Mji una askofu," akasema mume wangu, "na hauna stesheni!" Alikula ugali usiku ule akitikisa kichwa. Kesho yake alikuwa bado anatikisa kichwa, na alimwambia hata muuza maziwa.

Likabaki suala la baridi. Tulikwenda soko la mitumba la Gikomba, tukapekua marobota hadi tukapata koti zito la rangi ya majivu, la kiume, lililonifika kwenye vifundo vya miguu. Nikasitasita. Kijana aliyekuwa akiuza akanivisha mwenyewe.

"Mathe, hii koti imetoka majuu. Ukipotea huko, iache tu itembee. Inajua njia."

Mume wangu akasema lazima nilizoee kabla ya safari. Basi nikawa naenda nalo dukani saa sita za mchana, katikati ya Februari. Wanawake kwenye bomba la maji waliniuliza kwa huruma kama malaria imenishika. Jirani yangu aliwajibu kabla yangu: "Hapana. Anakwenda kuonana na bata."

Nikasafiri. Kozi ilikuwa ngumu, na wikendi ile ilipofika nilikuwa na ratiba ya mume wangu mkobani, aliyoiandika upya kwa kalamu nyekundu. Tulifika Jumamosi mvua ikinyesha. Tulisimama kwenye ukingo wa maji tukiwatazama bata. Wao walilala, vichwa ndani ya mbawa, wakaelea kama mito iliyoangushwa kutoka kitandani. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, na kengele haikulia.

"Tuingie kanisani tujikaushe," bibi akasema.

Ndani mtu alikuwa akifanya mazoezi ya kinanda. Sauti ilipanda juu kwenye matao ya mawe, ikashuka polepole. Nikaketi, nikajifunika koti. Nakumbuka nilikusudia kuhesabu nguzo. Kilichofuata ni bibi kunigusa bega kwa kidole kimoja. Madirisha yalikuwa yameingia giza, nasi tumebaki na mzee mwenye funguo.

"Nimelala muda gani?"

"Karibu saa tatu," akasema. "Sikuwa na moyo wa kukuamsha."

Niliona haya, kisha machozi yakanitoka bila ruhusa. Tangu nizae mtoto wa kwanza, sikuwa nimelala mchana bila mtu kuniita.

Jumapili baada ya ibada tulirudi majini. Bata mmoja mkubwa akaja moja kwa moja, akaivuta kamba kwa mdomo, kengele ikalia. Akangoja kidogo, akainua macho dirishani, akavuta tena kwa hasira, kama mama mkwe wangu chai ikichelewa. Mkate ukashuka. Nilicheka mpaka bibi akanishika mkono nisitumbukie.

Niliporudi Kaloleni, mume wangu alitaka taarifa kamili, saa kwa saa. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye usingizi nilidhani atacheka, lakini alivua miwani.

"Mama, kumbe ulikuwa umechoka hivyo?"

"Sikujua mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata baada ya chakula aliwakusanya watoto wote wanne, akawapeleka kwa ndugu yake Makadara, wa mwisho akiwa na kiatu kimoja. Mlango ukafungwa, nyumba ikanyamaza. Nikajilaza, lakini usingizi ulikataa kabisa. Basi nikaamka, nikapika chai ya kikombe kimoja, nikaketi mlangoni na kuinywa yote ikiwa bado moto.