Nukta Nyekundu za Ijumaa

Tariki wa Kasenga si mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema, maana kuna watu Uvira mpaka leo wakimwona wanakunja midomo. Ni fundi wa intaneti. Kazi yake kupanda milingoti, kuelekeza antena, kubishana na wateja wanaochomoa waya halafu wanapiga simu kulalamika kwamba hakuna kitu. Baba yake mdogo, Abdoul-Karim, ndiye mwenye nyumba ya intaneti pale Kasenga: chumba cha mbele cha kupokea wateja, na cha nyuma chenye feni isiyozimwa na seva nne. Humo mmelala mahesabu ya maduka, faili za shule, na mambo yote ya ushirika wa mpunga wa Kiringye.

Mwenzake kazini ni Espoir, mtoto wa wavuvi, mkazi wa mtaa wa Kilibula, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wawili hao walikuwa na mapatano ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Ijumaa, adhana ikilia, Tariki anatia udhu na kwenda zake msikitini, Espoir anabaki peke yake na seva. Jumapili Espoir anavaa shati la kwaya na kwenda kanisani, Tariki anabaki. Walianza hivyo tangu siku walipofungua mlango ule, na walikuwa wakitaniana kwamba Mungu mmoja kawapa zamu mbili.

Abdoul-Karim naye ni mtu wa kuhesabu funguo zake kabla ya kulala. Mtu mwingine alipofungua intaneti yake huko Kilibula, na wateja kadhaa wakahamia kwake, basi usingizi ukamruka kabisa.

"Tariki," akamwambia, "nataka kuona seva zangu nikiwa nyumbani. Nani iko muzima, nani amekufa, saa yoyote. Na Espoir usimwambie."

"Juu ya nini, baba mudogo?"

"Anaishi Kilibula. Na huyu mwenye anatuibia bateja anaishi wapi?"

Neno likishaingia sikioni halitoki, na kuanzia siku ile akaanza kumtazama Espoir kwa pembeni.

Akatafuta programu ya kuchunguza seva, ile inayokwenda kuzigongea hodi kila mara na kuweka kumbukumbu nani kaitika, nani kanyamaza. Programu haikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni ukurasa wa kuionyesha, ule ambao baba mdogo angeufungua kama anavyofungua habari. Mara ya kwanza ukafunguka mweupe, hauna hata herufi. Mara ya pili ukamwambia hana ruhusa. Hana ruhusa nani? Yeye aliyeupika! Akaufokea peke yake kama mtu anayegombana na mbuzi, akapanga upya, mpaka zikatokea nukta nne za kijani, moja kwa kila seva, na chini yake mstari wa kuonyesha yaliyopita. Akatengeneza majina mawili ya kuingilia: la Abdoul-Karim, la kutazama tu, na lake yeye, la kuamuru. La Espoir hakutengeneza. Roho ilimsuta kidogo alipokuwa akiruka jina lile, lakini akaliruka.

Mashine yenyewe Abdoul-Karim alikataa ikae ofisini. "Ikae kwangu," akasema. "Pale ofisini mwenye kutaka kutuibia ataichokora." Basi ikafichwa kabatini sebuleni kwake, juu ya paa ikapandwa antena ndogo ya kutazama ofisi, na ukutani, karibu na picha ya Makka, kikatundikwa kisanduku cheupe cha kupokea waya wa antena, taa zake zikipepesa usiku na mchana.

Mke wa Abdoul-Karim, Zaina, akasimama mikono kiunoni. "Na hii yenye kupepesa macho, ni nini?"

Tariki alikuwa amevimba kwa furaha ya kazi yake. "Hii, mama mudogo? Hii inaona kila kitu. Hakuna kitu kinaweza kuipita."

Zaina akaitazama tena, akavuta mtandio wake vizuri, akarudi jikoni.

Ijumaa iliyofuata, Tariki alipotoka msikitini na kupita kwa baba mdogo kula, akamkuta mbele ya ukurasa ule, chakula kimepoa. Sasa hivi nukta zilikuwa kijani, lakini mstari wa yaliyopita ulikuwa na kipande chekundu, kinene, kuanzia watu walipokwenda kusali hadi waliporudi. Seva zote nne.

"Wakati ule nani alikuwa ofisini?" akauliza Abdoul-Karim.

Wote wawili walijua ni nani.

Ijumaa nyingine, vilevile. Nyingine tena, vilevile. Siku za wiki zilizobaki ni kijani tupu, hata Jumapili, siku ya zamu ya Tariki mwenyewe. Jamani, mtu angefikiri nini?

Tariki akarudi ofisini akaziuliza seva zenyewe, maana seva huweka kumbukumbu ya lini iliwaka na lini ilizimika. Zikamjibu kwamba hazijazimika hata mara moja. Mwenye akili iliyotulia angeshukuru Mungu na kwenda kulala. Yeye akasema moyoni: kumbe anajua na kufuta! Hakuna mteja aliyepiga simu kulalamika. Akasema: bila shaka, wakati ule nusu ya wateja wetu wako msikitini, amechagua saa yake vizuri. Espoir akitoka nje kuongea na simu, anaongea na yule wa Kilibula. Espoir akicheka, anamcheka yeye. Siku moja alikuja na mkoba mpya, mkubwa, na Tariki akakaa kutwa nzima akiwaza kilichomo. Kilikuwa chakula na kitabu cha nyimbo, lakini hata alipokwisha kukichungulia hakutulia.

"Tariki, unaumwa?" Espoir akamuuliza. "Siku hizi unanitazama sana."

"Apana. Nimechoka tu."

Akaenda kwa Abdoul-Karim akamwambia yote: seva zinazimwa, zinanyonywa mambo ya wateja, kisha zinapanguswa. Kesho yake Espoir akaitwa, akaambiwa arudishe ufunguo. Alimgeukia Tariki, akingoja aseme neno. Tariki akainama kufunga kamba za kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Espoir akaweka ufunguo mezani akaondoka kwa miguu, hata pikipiki hakusimamisha.

Ijumaa ikafika, na zamu haikuwa na mtu. Tariki akakosa sala. Akakaa kwenye kiti cha Espoir, mlango umefungwa kwa ndani, macho kwenye seva. Feni inanguruma, taa zinawaka. Ng'ambo ya barabara, Nyandwi fundi cherehani alikuwa akisikiliza muziki wa intaneti ya hapohapo, na muziki haukukatika hata kidogo. Tariki akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Mwizi katoka, nyumba imetulia. Akafunga ofisi, akaenda kwa baba mdogo kupokea pongezi.

Abdoul-Karim alimpokea mlangoni, wala hakumkaribisha.

"Leo nani alikuwa ofisini?"

"Minye, baba mudogo. Peke yangu."

"Muntu mwingine hakuingia?"

"Hakuingia."

Abdoul-Karim akamgeuzia ukurasa ule aone. Kipande chekundu, kinene, saa ileile. Seva zote nne.

Tariki akausogelea ukurasa. "Haiwezekani. Hazikuzimika! Wallahi nilikuwa nazitazama! Twende uziulize zenyewe, zitakuambia."

"Zitaniambia nini?" Abdoul-Karim akamjibu polepole. "Si weye ulinifundisha kama zinaweza kupanguswa? Mutoto wa kaka yangu. Kumbe nilimufukuza muntu bure, na mwizi anakula kwenye sahani yangu."

Kila utetezi aliotaka kuutoa, yeye mwenyewe alikuwa ameshaukana juu ya mtu mwingine, na hakuna kilichobaki cha kumtetea. Akaapa. Akaapa tena. Machozi yakamtoka mtu mzima, mwenye ndevu, kwenye baraza la watu.

Kelele zile zikamtoa Zaina ndani. "Munagombana juu ya nini?"

"Ile mashine," akasema mumewe. "Kila Ijumaa, tukiwa kusali, iko rouge, nyekundu tupu."

"Ile ya ukutani? Yenye macho?" Zaina akawatazama kama watu wasio na akili nzuri. "Minye njo ninaikata."

Ni yeye anayeikata? Wote wawili wakamgeukia.

"Ijumaa mukiondoka, banamuke ya mutaa banakuja hapa kujifunza kasida ya arusi ya Yasmine wa jirani. Tunavua mitandio, tunacheza, tunasema bamume zetu. Na Tariki alisema hii inaona kila kitu! Niwaweke banamuke ya batu uchi mbele ya macho yenu? Ninachomoa. Tukimaliza, ninachomeka. Ni kosa?"

Tariki akaketi chini palepale. Mashine ilikuwa kabatini, nzima, inagonga hodi, lakini njia ya kwenda ofisini imekatwa. Isiposikia jibu, inapaka kila mtu nyekundu. Tena zote nne kwa pamoja, dakika moja! Fundi wa wiki mbili angejua kwamba hiyo ni njia iliyokatika, si seva. Alijua. Alikuwa anajua muda wote, ila alikuwa ameshamjua mwizi kwanza.

Kesho yake akaenda Kilibula, na salamu za Abdoul-Karim za kuomba msamaha. Florentine, mke wa Espoir, alikuwa akipanga nyanya mlangoni. Akamwonyesha mumewe kwa kidevu, hakumsalimu. Espoir akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitarudi," akasema. "Batoto banasoma. Lakini Tariki, minye nilikuachia Jumapili zote zile. Siku hata moja nilikuuliza ulifanya nini?"

Tariki akasema samahani, na samahani ikawa ndogo sana.

Espoir alirudi kazini. Tariki akahamisha mashine ikaja ofisini, akamtengenezea Espoir jina lake la kuingilia, la kuamuru, sawa na lake. Wakafanya kazi wiki nzima vizuri tu.

Jumapili, Tariki akaja asubuhi kushika zamu kama zamani. Akakuta mlango umeshafunguliwa. Espoir yuko ndani, amevaa shati la kwaya lililopigwa pasi, ameketi mbele ya ukurasa, nukta nne za kijani. Kutoka kanisani, mitaa miwili tu kutoka pale, ngoma zilikuwa zimeanza.

"Ndugu yangu, wanakungoja," akasema Tariki. "Leo si siku yako?"

"Iko yangu."

"Sasa? Nenda. Minye niko hapa."

Espoir hakugeuka. "Nikienda, na hii ikawa rouge, nitafikiria ni weye," akasema. "Na minye sitaki kukufikiria."

Tariki akavuta kiti kingine. Wakakaa wote wawili mpaka kwaya ikamaliza kuimba.