Mashine ya Fuatino na Saa Isiyo na Kosa

Fuatino Leavasa alikuwa mtu wa kuhesabu visu kila mgeni alipoondoka, hata mgeni mwenyewe akiwa mchungaji. Tusimlaumu sana, maana tabia hiyo ndiyo iliyompa riziki. Kwa miaka ishirini na saba alichora ramani za viwanja katika ofisi moja mjini Apia, na mpaka wa shamba hakuuamini mpaka ashuke garini, apite katikati ya minazi na nguruwe, aliguse jiwe lenyewe kwa mkono. Mahakama haikuwahi kumrudishia ramani hata moja. Ila jicho lililofaa kwa mawe lilikuwa balaa kwa binadamu wenzake.

Kompyuta yake ya ofisini ilikufa baada ya mvua za Februari kuvuja darini, na ya kumpa nyingine hapakuwa na dalili kabla ya Julai. Mkurugenzi, Bi Maselina, mpole wa sauti na mkavu wa maamuzi, akatoa neno: ifikapo Ijumaa adhuhuri kila mchoraji awe anaweka ramani zake kwenye hifadhi ya pamoja, ndani ya mtandao wa ofisi. Asiyeweza atahamia kaunta, na uchoraji wake utapewa kampuni ya nje. Mwenye kompyuta yake mwenyewe anaruhusiwa kuileta, mradi fundi wa mtandao aiunganishe.

Fuatino alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kaunta aliiogopa kuliko maradhi. Kutwa kugonga mihuri na kuwaelekeza watu chooni, yeye aliyeijua kila kona ya kisiwa!

Fundi wa mtandao alikuwa Poasa, kijana wa miaka thelathini na nne anayetoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Mjomba wake ndiye aliyeishinda familia ya Fuatino mahakamani miaka tisa iliyopita, wakigombea cheo cha ukoo. Fuatino alikumbuka mpaka shati alilovaa mjomba huyo siku ya hukumu. Basi Jumatatu alipomwona Poasa anaifungua ile kompyuta yake iliyokufa, anatoa diski, anaitia kwenye begi na kwenda nayo nyumbani, damu ilimchemka. Ndani ya diski ile mlikuwa na ramani ya mpaka wa mto, uliotenga ardhi ya kwao na ya kina mjomba.

"Hapa pana mkono wa mtu," alijisemea.

Jioni hiyo hiyo aliipokea kompyuta ya mkononi aliyotumiwa kwa meli na kaka yake Uelese, anayefanya kazi kiwanda cha samaki kule Pago Pago, kisiwa cha jirani. Ilikuja imeviringishwa kwenye taulo. Ilikuwa ya Linux, na mtandao wa ofisi wote ulikuwa wa Windows, lakini hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni tarehe. Saa ilikuwa sahihi mpaka dakika, siku ndiyo ilikuwa nyuma kwa moja. Ramani yenye tarehe ya uongo hakimu huitupa kabla hajaikunjua, kila mchoraji anajua. Akaizuia mashine isijirekebishe saa yenyewe, akaisogeza siku mbele kwa mkono wake, akalinganisha na kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Sawasawa. Hakumwambia mtu, kwani mtu akinyoosha kola ya shati lake hupiga mbiu?

Jumanne Poasa alikuja na waya wake begani.

"Mama Fuatino, kumbe hiyo ni Linux. Humu ndani sote Windows."

"Kwani wageni hawakaribishwi?"

"Wanakaribishwa. Ila lazima tuitambulishe kwa seva kwanza, iseme ni ya nani, seva iikubali. Nipishe kiti dakika kumi tu."

"Simama hapo hapo. Wewe sema, mimi nabonyeza."

Poasa akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka mikono nyuma na kuanza kumwelekeza. Jina la mtandao. Jina lake. Nenosiri, ambalo Fuatino aliliandika kwa mkono mmoja huku mwingine umelifunika. Mashine ikajibu kwamba ombi limekataliwa. Wakarudia mara tano, ikawa ni hivyo hivyo. Mwishowe Poasa akaomba ajaribu kwa jina lake mwenyewe, Fuatino akamruhusu huku akikodolea vidole vyake. Ikakataliwa pia.

"Unaona? Hata mimi imenikataa."

"Umejikataa mwenyewe," alisema Fuatino. "Mlango wako, ufunguo wako, halafu unaniambia umefungiwa nje?"

Jumatano Poasa alirudi akiwa na karatasi. Alikuwa ameikagua seva usiku kucha, macho mekundu.

"Nimeona shida. Seva inalalamikia saa. Inasema saa ya mashine yako na saa yake zimeachana mno. Ikiona hivyo inadhani mtu ameokota kibali cha zamani anataka kuingilia nacho, kwa hiyo haimwamini."

Fuatino akaigeuza kompyuta ili chumba kizima kione. Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili. Akamwambia Poasa atoe simu yake. Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili. Saa ya ukutani nayo ilisema vivyo hivyo.

"Sasa nani muongo, mwanangu? Ukuta?"

Watu wakaangua kicheko. Poasa alitazama simu, akatazama kompyuta, akajikuna kisogo.

"Sielewi. Niachie niingie ndani ya mipangilio, Mama. Dakika tatu."

"Usiiguse."

"Nimekukosea nini mimi?"

"Kamuulize mjomba wako."

Uso wa Poasa ukasawijika. Akakunja waya wake taratibu na kutoka bila kuaga. Moyoni Fuatino alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomharibu, maana tangu hapo hakutafuta tena kosa lilipo. Alikwisha kumpata mkosaji.

Alhamisi, baada ya sala ya asubuhi ambayo ofisi yote huanza nayo siku, alisimama mbele ya wote. Hata amina ilikuwa haijapoa.

"Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako," alianza. Akaeleza habari ya diski iliyotoroshwa, ya ramani ya mto, ya mlango wa mtandao uliofungwa makusudi kwa kisingizio cha saa ambayo ofisi nzima imeiona haina kosa. Alisema vizuri, kama mtu aliyejiandaa.

Bi Maselina akamgeukia Poasa. "Diski unayo?"

"Ninayo, Mama Mkurugenzi. Iko nyumbani."

"Ya nini?"

"Naomba nisiseme. Sitaki kuahidi jambo ambalo sina hakika nalo."

"Basi kesho adhuhuri utaniletea funguo za chumba cha seva, nikae nazo mpaka nichunguze. Barua ya kukusimamisha nitaiandika leo." Akamtazama na Fuatino. "Na wewe, tarehe yako haijasogea. Kesho adhuhuri."

Ijumaa saa nne asubuhi Fuatino alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyokuwa ikimkataa kwa siku ya nne, akiiona kaunta kupitia kioo cha mlango, simu ilipoita. Alikuwa Uelese.

"Vipi dada, mashine inakufaa?"

"Inanitesa, kaka. Mtandao hauitaki."

"Pole. Basi kesho Ijumaa nikitoka zamu nitakupigia, tuitazame pamoja."

"Kesho gani Ijumaa? Ijumaa ni leo."

"Kwenu ni leo. Huku bado Alhamisi, umesahau? Tena hiyo mashine niliipanga kwa saa za huku, uihamishie Apia."

Fuatino akaitazama tarehe kwenye kioo cha mashine.

Alikuwepo mwaka ule serikali ilipoifuta Ijumaa nzima kwenye kalenda ili kuvuka mstari wa tarehe, watu wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Tangu hapo Pago Pago iko nyuma kwa siku nzima, ingawa siku hizi saa yake na ya Apia ni ile ile, dakika kwa dakika. Yeye aliisogeza siku, lakini mji hakuuhamisha. Mashine ilikuwa bado inaamini iko Pago Pago, na imeambiwa kwamba Pago Pago ni Ijumaa. Kama Pago Pago ni Ijumaa, basi Apia ni Jumamosi. Siku nne hizi alikuwa akiibishia hodi seva kutoka kesho, na seva ilikuwa na haki ya kumkatalia.

Akakata simu, akafungua mipangilio na kuchagua Apia. Palepale mashine ikaruka hadi Jumamosi mbele ya macho yake. Akairudisha siku moja. Akaandika jina, akaandika nenosiri, na safari hii hakulifunika. Mlango ukafunguka kimya.

Ndani ya hifadhi ya pamoja kulikuwa na folda za wachoraji wote. Yake ilikuwapo pia, imeandikwa jina lake, imekamilika alfajiri ya siku hiyo hiyo, saa kumi na moja na nusu, kabla jogoo hawajamaliza kuwika. Akaifungua. Ramani mia nne na kumi na mbili, zote zilizokuwa kwenye ile diski iliyolowa, zimeokolewa moja baada ya nyingine. Akaitafuta ya mto. Ilikuwapo, nzima, na mstari wa mpaka ulikuwa pale pale alipouchora, kwenye ukingo wa ng'ambo, upande ambao kina mjomba hawakuupenda.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hakuna aliyemwona akirekebisha saa. Angeweza kunyamaza tu, aseme mashine imekubali yenyewe, na barua ya Poasa ingeendelea na safari yake. Nasema kweli, kwa muda wa kufunga na kufumbua macho wazo hilo lilimpendeza.

Kisha akainuka.

Poasa alikuwa tayari ofisini kwa mkurugenzi, funguo mezani, barua iko katikati yao. Fuatino aliingia ameinama, akapita mbele yao hakuinua kichwa, na badala ya kuchukua kiti akakaa chini sakafuni, akakunja miguu, kama akaavyo mtu aliyekosa anapofika mlangoni kwa aliyemkosea.

Poasa akaruka kutoka kitini kama ameungua. Kijana hawezi kukaa kitini ilhali mama wa makamo yale yuko chini, hata kama mama mwenyewe amemwita mwizi. Naye akakaa sakafuni. Bi Maselina akabaki peke yake juu, akawatazama, akaguna, akakusanya sketi yake na kushuka.

"Kosa ni langu," alisema Fuatino. "Niliisogeza siku kwa mkono wangu, nikaiacha mashine Pago Pago. Poasa alisema kweli tangu Jumatano. Nimemsingizia mbele ya watu, na mbele ya watu nitasema hivi hivi, Jumatatu baada ya sala."

Poasa alifumba macho akifikiri, kisha akajipiga paji la uso. "Pago Pago! Na mimi nikaitazama saa nikaiona sawa. Sikuuliza ni saa ya wapi."

"Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekukataza kugusa."

Bi Maselina akanyoosha mkono mezani, akaichukua barua na kuichana vipande vinne.

"Nimeiona folda," Fuatino aliendelea. "Nimeuona na mto."

Poasa alitazama sakafu.

"Mjomba aliniuliza Jumatatu, Mama. Alisikia kompyuta yako imekufa, akataka kujua kama ule mpaka umepotea. Nikamwambia bado upo. Nilikuwa sijaupata hata. Ndiyo maana sikulala mpaka nikaupata."