Buti la Askari Kwenye Tope Letu

Mfereji wa maji ulipita nyuma ya migomba ya bibi, huku kwetu kwenye miteremko ya Meru. Wakubwa waliutumia kumwagilia mashamba. Sisi tuliutumia kutengeneza tope. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye bado alitembea uchi, na binti wa baba mkubwa, aliyejiona mtu mzima kwa sababu alitangulia kung'oka meno.

Mambo ya tope hatukufundishwa na mtu. Tulijua lile jekundu linateleza tu, lakini jeusi la chini linakamata mguu kama ndama anavyokamata kidole. Tulijua pia kwamba ukinaswa usivute, maana ukivuta linakaza. Mimina maji kandokando ya mguu, chezesha kisigino taratibu, litakuachia lenyewe. Mdogo wangu aliyajua haya kabla hajaweza kutamka jina lake.

Siku hiyo tulikuwa tumeziba mfereji kwa mabonge ya udongo ili bwawa letu lijae. Maji yakafurika mpaka njiani. Ghafla tukaona wakubwa wanatokomea migombani. Mama alitupa jembe. Baba mkubwa, aliyelalamikia goti lake tangu mvua zianze, aliruka ua kama swala. Enzi zile za Mdachi hilo lilikuwa na maana moja: askari anakuja kutafuta watu wa kwenda kujenga boma Arusha.

Alikuja peke yake, bunduki begani, buti zinang'aa. Sisi hatukukimbia. Bwawa lilikuwa linakaribia kujaa, nani aliache? Akapita kwa kishindo pale njiani, akazama hadi karibu na goti.

"Nivuteni!" akapiga kelele.

Kiswahili hatukukijua. Binti wa baba mkubwa akatafsiri bila wasiwasi: "Anaomba chakula."

Mdogo wangu akamletea ndizi aliyoifinyanga kwa udongo. Askari akaitupa. Mtoto akaangua kilio, kwani kati ya ndizi zake zote hiyo ndiyo iliyotoka vizuri.

Askari akavuta mguu kwa nguvu zake zote. Tope likafyonza, likatoa ile sauti ya aibu inayochekesha watoto popote, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini. Akazidi kuzama. Nikamwonea huruma, nikachota maji kwa kibuyu na kuyamimina ndani ya buti lake.

Alinitukana. Maneno sikuyaelewa, ila uso wake niliuelewa. Nikamimina tena. Binti wa baba mkubwa akasimama mbele yake, akamwonyesha kwa mguu wake mwenyewe: kisigino hivi, taratibu, hivi. Askari akatutazama mmoja mmoja, akainua bunduki juu ya kichwa isilowe, akaanza kuchezesha kisigino. Mguu ukachomoka, buti likabaki, naye akaenda chali ndani ya bwawa letu. Ukingo ukapasuka, maji yote yakaondoka.

Tukasubiri fimbo. Askari alikaa pale, kofia imemshuka mpaka puani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

Bahati mbaya, migombani kuna mtu mwingine alicheka, tena kwa sauti nene. Alijiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Wewe! Toka huko!"

Baba mkubwa akatoka, anachechemea ghafla. Ndiye aliyefukua buti, akalisafisha, kisha akaondoka na askari kwenda Arusha. Siku hiyo hatukucheka tena. Bibi hakutugombeza, na hilo lilituumiza kuliko fimbo.

Baba mkubwa alirudi mahindi yakiwa yamevunwa, amekonda, miguu imebabuka kwa chokaa. Bomani alikuwa amepewa kazi ya kukanyaga udongo uliochanganywa na chokaa. Tulimwogopa. Asubuhi yake alikuja mferejini, akasimama juu ya ukingo wetu mpya akiukagua, mikono kiunoni.

"Huu utabomoka," alisema. "Nani amewaambia mjenge bila nyasi?"

Akaikunja shuka yake, akaingia. Mke wake alipomwita akaangalie ng'ombe, alijibu bila kugeuka, "Ngoja kidogo, tumebanwa na kazi hapa," huku mdogo wangu akimkabidhi bonge jingine.