Kilima Kinene Kwenye Asali

Shangazi yangu hana mume wala gari, ila ana mashine, na ole wako uiguse. Ni fundi wa maabara ya vyakula na dawa. Mimi niko mapokezi, mlango wa pili, kwa hiyo vicheko vyake navipata vyote. Kazi yake ni kutenganisha vilivyochanganyika. Anasukuma tone la sampuli kwenye bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa unga. Kila kilichomo kinatoka kwa wakati wake, na kompyuta inakichorea kilima. Kinachowahi huchora kilima chembamba. Kinachochelewa hunenepa njiani.

Jumatatu alisaini kwamba asali ya mfugaji nyuki mmoja imetiwa kitu kisichojulikana. Miaka ishirini na miwili hajawahi kufuta saini yake, na anajisifu kwa hilo, Mungu amsamehe. Jumanne saa tatu mfugaji alikuwa mbele yangu, kofia mapajani. Mapipa sita, mavuno ya mwaka mzima, yangemwagwa na maafisa wa afya kwake nyumbani saa sita.

"Binti, mimi sijatia kitu," alisema. "Na nyuki nao hawajui uchakachuaji."

Nikamwendea shangazi. Akafungua mchoro anionyeshe ushahidi, akausogelea. Mara akaanza kucheka, nikaogopa.

"Hebu kione kilivyo kinene! Kimetoka dakika ya nne, lakini kitambi ni cha aliyetembea nusu saa. Huyu si wa asali, mwanangu. Alilala humo bombani tangu sampuli iliyotangulia!"

Iliyotangulia ilikuwa dawa ya mitishamba ya kuwarudishia wazee ujana. Akaipitisha tena, na nyuma yake maji matupu. Tukasubiri tumeshikana mikono. Dakika ya nne, kwenye maji, kilima kikainuka na kitambi chake.

"Maji yamerudi ujanani!" akapiga kelele, akanizungusha mpaka kiatu kikanitoka. Akaosha bomba, akarudia asali. Kilima hakikuwapo. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mkuu wa maabara alitukuta tukiruka. "Andika mashine ilileta hitilafu," akamwambia kwa upole. "Usijiharibie jina."

"Mashine haina kosa, bosi. Ni mimi sikuisubiri imalize."

Akatoka hadi mapokezi, akaichana ile karatasi aliyosaini Jumatatu mbele ya foleni nzima. "Mzee wangu, nimekosea mimi. Asali yako ni safi. Nisamehe."

Mzee akasimama, akakaa, akasimama tena, akavaa kofia kisogo mbele, akapiga simu nyumbani. "Mama watoto, wasimwage! Wasimwage! Ndiyo, aliyekosea yuko hapa hapa." Akasikiliza, kisha akamnyooshea shangazi simu. "Anataka kuongea na wewe."

Shangazi akaipokea kama anayepokea kaa la moto. Kilichotoka humo ni vigelegele, hata mimi nyuma ya meza nikavisikia. Shangazi akakaa chini palepale sakafuni, akacheka huku analia, simu kaing'ang'ania sikioni.