Mama Hayumo katika Ya Pili

Mpaka leo, mtu akiniambia katuni fulani imetolewa sehemu ya pili, natamani kumzaba kofi. Watoto wangu wananicheka. Waache wacheke.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa mtaa wa Katindo, mimi na baba yangu, Papa, na Jumapili baada ya misa alinipeleka kwenye chumba cha video. Pale filamu haikuachwa iseme yenyewe. Mtafsiri alikaa kando ya televisheni na mikrofoni yake, akapunguza sauti za wazungu, akatueleza yote kwa Kiswahili chetu, na kwa kadiri alivyopenda. Simba alimpa sauti ya muzee wa Butembo anayebishana bei.

Siku ile ilikuwa katuni ya ndama wa nyati na mama yake. Katikati, mto ukafurika ukamchukua mama. Chumba kizima tukaangua kilio.

"Munyamaze," mtafsiri akasema. "Munalia nini? Mama yake hakufe. Maji imemupeleka Kibumba, anatafuta viazi kule. Atarudi katika ya pili."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Mama yangu mwenyewe alikuwa amepanda lori kufuata maharagwe upande wa Rutshuru, njia ile ile ya Kibumba, na vita ikafunga barabara nyuma yake. Kila nilipomuuliza Papa atarudi lini, alijibu, "Barabara ikifunguka." Basi nikajiambia kwa akili yangu ya kitoto: mama nyati akirudi, na wangu atarudi.

Ya pili ilikawia. Nilimsumbua Papa mpaka akaja nayo nyumbani, diski ndani ya karatasi ya plastiki. Tuliiangalia kwa Kifaransa, bila mtafsiri, na hata mtoto wa darasa la tatu aliona kwamba ni takataka. Nyasi hazitikisiki. Sauti si za wale wale. Ndama amekuwa dume, ana bibi aliyemzalia mapacha, na kuna kasuku mpumbavu anayeimba bila kuchoka. Baba nyati ana jike jingine ubavuni, sura ile ile ya mama, wamembadilishia macho tu, wavivu wakubwa. Mama mwenyewe hatajwi. Asiyekuwepo na lake halipo, hilo nililijua, lakini angalau mmoja wao aseme kwamba alikuwepo! Nikairudisha mwanzo, nikidhani nimepitiwa. Papa akainuka, akatoka nje.

Kesho yake, nikitoka shule, nikamkuta mtafsiri anafagia chumba chake.

"Muzee, ulisema mama ya ndama atarudi. Hakurudi."

Akaegemea ufagio. "Mutoto yangu, mule ndani alikufa. Tangu ile ya kwanza. Nilisema vile juu mulikuwa munalia." Kisha akanitazama vizuri, akanitambua, na uso wake ukabadilika. "Wewe ni mutoto wa ule mama wa maharagwe. Enda nyumbani, uulize Papa yako."

Papa alikuwa anapiga pasi shati lake la ofisi. Nikamuuliza kama Mama naye alikufa. Akaiweka pasi pembeni, akakaa kitandani. Akasema dereva wa lori alikuja kumwambia: walipigwa risasi njiani, Mama akafa, waliopona wakamzika palepale, kando ya barabara.

"Alikuja lini?"

"Kabla hatujaenda kuangalia ile ya kwanza."

Nilimchukia siku ile, na sioni haya kulisema. Yule mtafsiri nilikuwa nimeshamsamehe, maana alidanganya watoto wa watu juu ya nyati.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia," Papa akasema. "Nikaona unangojea ile filamu. Nikasema, acha angojee kwanza."

Nikafikiria mama jirani wa avenue yetu aliyekuwa akinisuka nywele bila kutaka malipo. Nikafikiria mwalimu aliyeacha kunichapa.

"Na nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

Papa akainamisha kichwa.

"Wote," akasema. "Avenue yote."